Utaratibu sanifu wa kazi

Utaratibu sanifu wa kazi (pia: taratibu sanifu za uendeshaji, maofisini husikika zaidi kwa kifupi SOP) ni maelezo yaliyoandikwa, hatua kwa hatua, ya namna kazi inayorudiwa mara kwa mara inavyofanywa katika biashara, kiwanda, ofisi, hospitali au shirika. Lengo lake ni kwamba mtu yeyote aliyefundishwa kazi hiyo aifanye kwa namna ileile na kupata matokeo yaleyale, awepo mkuu wake au asiwepo.

Kuuandika utaratibu huweza kuchukua siku chache tu. Kuutunza, yaani kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kinachofanyika kweli, ni kazi isiyokwisha, na ndipo biashara nyingi hushindwa. Makala hii inatumia zaidi mifano ya Korogwe katika Mkoa wa Tanga, Tanzania: kazi ya mkonge, ambayo kwa zaidi ya miaka mia moja imekuwa nguzo ya uchumi wa eneo hilo, pamoja na biashara ndogo za mjini kwenye kata kama Manundu.

Maana na mipaka yake

Utaratibu sanifu huchanganywa mara nyingi na maandishi mengine ya kazini. Sera husema biashara inataka nini, kwa mfano kwamba hakuna atakayeumia kazini. Kanuni husema nini kinaruhusiwa na nini kinakatazwa. Maelezo ya kazi, yale yanayoambatanishwa na mkataba wa ajira, hutaja majukumu ya mtu. Utaratibu sanifu hushuka hadi kwenye mikono: nani anaanza, anashika nini, anafanya nini kwanza na nini baadaye, atajuaje kwamba amemaliza vizuri, na afanye nini mambo yakienda kombo.

Orodha ya ukaguzi ni ndugu wa karibu. Hiyo haifundishi kazi, bali humkumbusha anayeijua tayari asiruke jambo. Mtu asiyejua kuendesha gari hawezi kulipeleka Handeni kwa kusoma orodha ya ukaguzi wa matairi na breki, lakini dereva wa miaka ishirini anaihitaji orodha hiyo kuliko anavyodhani.

Historia

Kwa muda mrefu kazi zilirithishwa kwa mdomo na kwa macho. Mwanagenzi alikaa na fundi miaka kadhaa, akatazama, akakosea, akakemewa, mwishowe akajua. Njia hiyo ina nguvu zake na haijafa. Hata hivyo inategemea mambo mawili: fundi awepo, na wanaojifunza wawe wachache.

Mashamba makubwa yalivuruga yote mawili. Mkonge uliletwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche ilitoka Florida kupitia Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka hiyo yalitokea mashamba yaliyoenea kandokando ya reli ya Tanga, Korogwe ikiwa miongoni mwa sehemu zake kuu. Kufikia miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge kuliko nchi zote duniani, kwa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Kazi hiyo ilifanywa na watu wengi waliotoka mbali. Waliitwa manamba, kwa sababu ya namba walizopewa, na tangu mwaka 1944 wengi waliandikishwa na ofisi ya wenye mashamba iliyojulikana kama SILABU. Mtu alifika akiwa hajawahi kuona mkonge, pengine Kiswahili chake ni kidogo, na baada ya muda wa mkataba aliondoka. Utaratibu wa kazi ulikaa kichwani mwa nyapara. Nyapara mzuri alikuwa kitabu kinachotembea, lakini nyapara mbaya alibadilisha kipimo kwa kadiri alivyomtazama mtu, na manamba hakuwa na karatasi ya kumwonyesha kwamba jana kipimo kilikuwa kingine. Utaratibu ulioandikwa una sehemu hii ya haki ambayo husahaulika: humlinda pia yule anayeamriwa.

Huko Marekani mhandisi Frederick Winslow Taylor alichapisha mwaka 1911 kitabu chake juu ya usimamizi wa kisayansi. Aliamini kwamba kila kazi ina njia moja iliyo bora, kwamba njia hiyo hupatikana kwa kupima kwa saa, na kwamba kufikiri ni kazi ya ofisi huku mfanyakazi akifuata. Mawazo yake yaliongeza uzalishaji na pia uchungu, na hadi leo wafanyakazi wengi wakisikia neno "utaratibu" husikia saa ya Taylor.

Tawi lingine lilitokana na ajali. Tarehe 30 Oktoba 1935 ndege mpya ya Boeing, ile iliyokuja kuitwa B-17, ilianguka huko Wright Field katika jimbo la Ohio mara tu baada ya kuruka. Rubani alikuwa hodari, lakini kufuli ya usukani wa mkia haikufunguliwa kabla ya kuruka. Hakukuwa na upungufu wa ujuzi. Ndege ilikuwa tu na mambo mengi kuliko kumbukumbu ya mtu mmoja. Jibu lilikuwa orodha fupi ya ukaguzi kwa marubani, na desturi hiyo ikaenea katika usafiri wote wa anga.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia viwanda vya Marekani vilihitaji kufundisha haraka watu wasio na uzoefu. Mpango wa serikali wa mafunzo viwandani uligawa kila kazi katika safu mbili: hatua, na jambo la kuangalia katika hatua hiyo; safu ya tatu, ya sababu, iliongezwa baadaye. Baada ya vita mpango huo ulifika Japani, na kampuni ya Toyota ikaupeleka mbali zaidi: chini ya mhandisi Taiichi Ohno, karatasi ya kazi iliandikwa na wale walio karibu na kazi yenyewe, ikabandikwa mahali pa kazi, na ikatarajiwa kubadilika. Hapo Taylor aligeuzwa juu chini. Mwaka 1987 shirika la kimataifa la viwango lilitoa kiwango cha ISO 9000 kuhusu usimamizi wa ubora, na taratibu zilizoandikwa zikawa sharti la biashara kati ya makampuni ya nchi mbalimbali.

Tanzania ilipokea mafundisho ya Kijapani kwanza hospitalini. Mwaka 2007 hospitali ya rufaa ya Mbeya ilianza kutumia mbinu ya hatua tano iliyopewa maneno ya Kiswahili sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Mtafsiri aliyepata herufi S zote tano anastahili pongezi. Maneno mawili ya mwisho ndiyo kiini cha makala hii: sanifisha ni kuandika utaratibu, shikilia ni kuutunza. Mnamo 2013 Wizara ya Viwanda na Biashara, kwa msaada wa Japani, ilianza kueneza mbinu za kaizen katika viwanda.

Mfano: kutoka shambani hadi kwenye robota

Mkonge ni mwalimu mzuri wa somo hili kwa sababu kosa la mwanzo halirekebishiki mwishoni. Jani la mkonge lina singa takriban asilimia 4 tu ya uzito wake. Nyingine zote ni maji na nyama ya jani. Anayepoteza kidogo katika kila hatua humaliza siku akiwa ameshughulikia tani nyingi kwa faida ya kilo chache.

Mkata mkonge huchukua majani ya chini na kuacha ya juu, takriban 20 hadi 25, ili mmea uendelee kukua. Akikata kupita kiasi leo anapata hesabu nzuri, na hasara huonekana baada ya miezi mingi, pengine yeye akiwa ameshahama. Majani hufungwa matita ya 30. Namba hii ni sehemu ya utaratibu na ni sehemu ya malipo pia, kwa hiyo ni lazima ijulikane nani anahesabu, wapi, na mbele ya nani. Jambo hili limekuwa na uzito zaidi tangu wakulima wadogo wa Korogwe walipoanza kulima mkonge wao wenyewe na kuunda vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS). Zamani tita pungufu lilikuwa ugomvi wa kibarua na nyapara. Sasa mkulima anayepeleka majani yake kwenye mashine ya pamoja anataka kujua kwamba singa zilizotoka ni zake na zimepimwa kama za jirani yake.

Majani yaliyokatwa hayangoji. Yakilala hukauka, nyama yake hugandamana na singa, na kuyasafisha huwa vigumu. Kwa hiyo utaratibu wa kukata hauwezi kuandikwa peke yake bila kuuangalia ule wa usafirishaji na ule wa korona. (Korona ni jina la kiwanda cha kusindika mkonge katika Kiswahili cha Tanga, kutokana na aina ya mashine ya Kijerumani, lilikuwepo miongo mingi kabla ya ugonjwa wa mwaka 2020, ingawa mwaka huo lilileta utani mwingi.) Trekta likiharibika, sharti kuwe na mtu mwenye mamlaka ya kusema "acheni kukata". Utaratibu usiomtaja mtu huyo una tundu.

Koronani majani hupondwa na kuparuzwa na ngoma zenye visu butu huku maji yakiosha mabaki. Singa huanikwa juani kwenye nyaya, kisha hupitishwa kwenye mashine ya brashi, hupangwa kwa madaraja, na kushindiliwa katika marobota ya kilo 250. Singa zenye unyevu zikiingia kwenye robota huota ukungu na kubadilika rangi, na mnunuzi atakayelifungua yuko ng'ambo ya bahari. Utaratibu wa kuanika ulioandikwa kwa ajili ya Januari hautoshi Aprili wakati wa masika. Lazima useme nani anatazama mawingu na singa zinaondolewa wapi.

Madaraja ndiyo mahali ambapo fedha huonekana. Daraja la kwanza ni singa za kuanzia takriban sentimita 90, safi, zilizopigwa brashi vizuri, zenye rangi nyeupe ya maziwa. Daraja la 3L lina urefu wa kuanzia hapohapo, lakini huruhusu kasoro ndogo za usafi na rangi. Tofauti kati ya mawili hayo haitokani na shamba pekee. Sehemu kubwa hutokana na muda wa majani kulala, wingi wa maji ya kuoshea, na uangalifu kwenye nyaya na brashi. Kwa maneno mengine, mmea uleule huuzwa kwa bei mbili kutegemea utaratibu.

Jinsi ya kuandaa

Kosa la kawaida ni kuanza na kabati zima. Meneja anaamua kuandika taratibu zote za kampuni kwa mwezi mmoja, anapata mafaili arobaini, na hakuna anayeyafungua. Ni afadhali kuanza na kazi tatu au nne: ile inayoweza kuua au kukata kiungo, ile inayopoteza fedha nyingi ikikosewa, ile inayojulikana na mtu mmoja tu, na ile inayoleta malalamiko ya wateja. Mtu huyo mmoja akikaribia kustaafu, kazi yake iwe ya kwanza.

Mwandishi anatakiwa kwenda kutazama kazi ikifanyika, tena zaidi ya mara moja, na kwa watu zaidi ya mmoja. Atakuta wawili wanaifanya kwa njia tofauti. Hapo asikimbilie kuamua; awaulize kwa nini. Mara nyingi mmoja ana sababu ambayo ofisi haikuijua: swichi ya kushoto huchelewa, au maji hupungua saa nane. Akiandika rasimu ampe mtu mgeni aifuate bila kusaidiwa, naye mwandishi anyamaze na kuandika kila anapokwama. Zoezi hili la nusu saa hufichua mengi kuliko vikao vitatu.

Zile safu tatu za hatua, jambo la kuangalia na sababu bado ni umbo zuri kuliko mengi. Safu ya sababu ndiyo hufutwa kwanza ili kufupisha karatasi, na ndiyo isiyopaswa kufutwa. Mtu asiyejua sababu ya hatua huiruka siku ya haraka. Chukua mfano rahisi wa kuondoa majani yaliyokwama kwenye mashine ya kusindika mkonge (umefupishwa kwa ajili ya maelezo, haushiki nafasi ya maagizo ya mtengenezaji wa mashine):

1. Paza sauti "Simamisha!" na uzime mashine. Yeyote anaruhusiwa kusimamisha, bila kuomba ruhusa.
2. Funga swichi kuu kwa kufuli, ufunguo uutie mfukoni mwako. Sababu: mwenzako asiyekuona anaweza kuwasha.
3. Subiri hadi ngoma isimame kabisa. Sababu: huendelea kuzunguka kwa uzito wake baada ya umeme kukatwa.
4. Vuta majani kwa kulabu, usitumie mkono.
5. Hakikisha kila mtu ametoka. Aliyefunga kufuli ndiye anayefungua, si mwingine.
6. Andika kwenye daftari la zamu saa, sababu ya kukwama na jina lako.

Hatua ya kwanza ina maneno machache, lakini ndani yake kuna uamuzi wa menejimenti: kibarua wa siku ya kwanza anaruhusiwa kusimamisha uzalishaji. Kama akisimamisha bila sababu nzito atakatwa malipo, basi utaratibu huo ni wa uongo hata kama umetiwa saini na mkurugenzi. Kwenye mashine ndogo ambazo jani huingizwa kwa mkono, tofauti kati ya utaratibu wa kweli na wa uongo ni vidole.

Biashara ndogo haihitaji fomu za kampuni kubwa. Mabasi ya njia ya Dar es Salaam na Arusha husimama Korogwe abiria wale, na mgahawa wa kituoni huhudumia watu wengi kwa dakika chache kisha hukaa kimya. Kwa mgahawa wa namna hiyo ukurasa mmoja ukutani jikoni unatosha: wali na mchuzi vikae moto zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, kilichopoa kwa zaidi ya saa mbili hakirudi kwenye sahani, anayepokea fedha hagusi chakula. Mwenye mgahawa akisafiri kwenda msibani, ukurasa huo ndio humwakilisha.

Lugha ya utaratibu

Katika Tanzania taratibu nyingi huandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu mkaguzi, mfadhili au mnunuzi wa nje atazisoma. Wanaofanya kazi husoma Kiswahili. Matokeo yake ni nyaraka mbili: moja ya kuonyesha wageni, nyingine isiyoandikwa ambayo ndiyo inayofuatwa. Hakuna kasoro moja inayoua taratibu nyingi kuliko hii, wala iliyo rahisi kuondolewa kama hii.

Kuandika kwa Kiswahili hakutoshi kama ni Kiswahili cha tafsiri. Watu wa mkonge husema singa, robota, korona, brashi, zamu. Karatasi itumie maneno hayo. Kitenzi kiwe cha amri na kimtaje mtendaji. Sentensi kama "ukaguzi ufanyike ipasavyo" haina mtendaji wala kipimo, na mwalimu yeyote angeiwekea mstari mwekundu. Afadhali: "Kiongozi wa zamu ashike singa za mstari wa chini, zikiwa na ubaridi zirudi juani." Picha husaidia wasiosoma kwa urahisi, na kipande halisi cha singa za kila daraja kilichotundikwa ukutani husaidia kuliko picha.

Kutunza

Utaratibu huanza kuchakaa siku unapotiwa saini. Mashine hubadilishwa, mtu huhama, bei ya mafuta hupanda, mteja hudai kitu kipya. Katika mkonge mabadiliko yametoka hata kwenye mmea wenyewe. Mkonge wa kawaida hutoa majani 200 hadi 250 katika maisha yake, lakini chotara namba 11648, iliyotokana na utafiti uliofanyika mkoani Tanga, hutoa zaidi ya maradufu ya hayo. Ratiba ya kukata iliyotungwa kwa mmea wa kwanza haiufai wa pili. Chotara hiyo nayo hushambuliwa na ugonjwa wa madoa ya majani uliopewa jina la mji huu wa Korogwe, unaoharibu sura ya singa na kuzishusha daraja. Kwa hiyo utaratibu wa kuchagua miche ukahitaji sharti la kutochukua miche kutoka mimea yenye madoa. Mabaki ya koronani pia ni mfano. Zamani yalikuwa taka ya kusukumwa na maji. Pale Hale, wilayani Korogwe, ulipojengwa katika miaka ya 2000 mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi itokanayo na mabaki hayo, taka ikawa malighafi, na kazi ya kuyaondoa haikuweza kubaki kama ilivyokuwa.

Hivyo kila utaratibu unahitaji mwenyewe: mtu mmoja mwenye jina na cheo, si "idara". Ukurasa wa kwanza uwe na namba ya toleo, tarehe ya kuanza kutumika, tarehe ya kuupitia tena, na mistari michache ya kueleza nini kilibadilika na kwa nini. Mwaka mmoja ni kipindi cha kawaida cha kuupitia, lakini kalenda peke yake ni mlinzi anayelala. Yapo matukio yanayopaswa kuufungua utaratibu siku hiyohiyo: ajali, ajali iliyokoswa kidogo, mzigo uliorudishwa na mnunuzi, mashine mpya, na mfanyakazi mgeni anayeuliza swali ambalo karatasi haina jibu lake.

Nakala za zamani ni hatari ya pekee. Toleo la tatu linatolewa ofisini huku la kwanza likiendelea kuning'inia ukutani, limefifia, na ndilo linalosomwa. Anayebandika jipya ndiye aondoe la zamani na kuliweka kwenye faili la kumbukumbu likiwa limepigwa mstari. Siku hizi maagizo mengi hutumwa kwenye makundi ya WhatsApp, na tatizo limerudi kwa sura mpya: agizo la Machi na agizo la Juni yote yamo kwenye simu, na anayetafuta hukutana na lolote. Kundi linafaa kutangaza kwamba utaratibu umebadilika. Halifai kuwa mahali unapokaa.

Njia moja nafuu ya matunzo ni nakala ya penseli. Nakala moja ya kila utaratibu huwekwa mahali pa kazi pamoja na penseli iliyofungwa kwa uzi, na yeyote anaruhusiwa kuandika pembeni kisichofanya kazi. Kila mwisho wa mwezi mwenye utaratibu huisoma, hukubali au kukataa, na hutoa jibu kwa kila maandishi. Nakala iliyokaa mwaka mzima bila alama ya penseli haimaanishi kwamba kazi ni kamilifu. Kwa kawaida humaanisha kwamba hakuna anayeisoma, au kwamba wa mwisho kuandika hakujibiwa.

Mafunzo ni sehemu ya matunzo. Saini ya mfanyakazi chini ya maneno "nimesoma na nimeelewa" inathibitisha kwamba ana kalamu. Uthibitisho wa kufundishwa ni kumtazama akifanya kazi hiyo, kisha kumwomba aeleze sababu za hatua.

Sheria na viwango Tanzania

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala uitwao OSHA, inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi mazingira salama pamoja na maelekezo na mafunzo kuhusu hatari za kazi zao. Ajali ikitokea, utaratibu na kumbukumbu za mafunzo ni miongoni mwa vitu ambavyo mkaguzi huulizia mapema. Kwa wasindikaji wa chakula, usimamizi wa usalama wa bidhaa umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu mwaka 2019, na wajasiriamali wadogo hupata mafunzo kupitia SIDO. Masuala ya mkonge na ubora wake husimamiwa na Bodi ya Mkonge Tanzania.

Upande wa nidhamu haujulikani sana. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa chini ya sheria ya ajira, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinaeleza mambo ya kuangaliwa mfanyakazi anapoachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu: kama kanuni aliyovunja ilikuwepo, kama ilikuwa ya haki na wazi, kama aliijua au ilitarajiwa aijue, na kama imekuwa ikitumika kwa wote bila upendeleo. Kwa hiyo mwajiri anayekwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi akiwa na utaratibu ambao haukuwahi kufundishwa, au unaovunjwa na wakubwa kila siku, anakwenda na karatasi dhaifu. Upande wa pili, mfanyakazi aliyefuata toleo lililobandikwa ukutani ana la kujitetea hata kama ofisi ilikuwa na jipya.

Ukosoaji na mipaka

Si kila kazi inafaa kusanifishwa. Kupatanisha wateja waliogombana, kubuni bidhaa, au kumfariji mfanyakazi aliyefiwa hakuandikwi kwa hatua. Taratibu zikizidi huzaa utii wa woga: mtu anaona kosa, lakini kwa kuwa karatasi haikumwambia aseme, ananyamaza. Kiwango cha ISO 9001 chenyewe kimelegea hapa. Toleo la 2008 lilidai taratibu sita zilizoandikwa kwa kila taasisi, na toleo la 2015 likaondoa sharti hilo, likaiachia kila taasisi kuamua iandike nini.

Ushahidi mzuri wa nguvu na udhaifu wa jambo hili unatoka hospitalini, na Tanzania ilihusika. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya usalama wa upasuaji ilijaribiwa katika miji minane duniani, mmojawapo ukiwa Ifakara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo vya wagonjwa waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Miaka mitano baadaye watafiti walichunguza hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, zilizotakiwa kutumia orodha za namna hiyo, na hawakuona upungufu wa maana. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba katika jaribio la kwanza timu zilifundishwa na kufuatiliwa kwa karibu, ilhali kwingine orodha ilifika kama amri, na hospitali karibu zote ziliripoti kwamba zinaitumia. Kuripoti ni rahisi. Visanduku vinaweza kuwekewa alama hata na mtu aliye peke yake chumbani, kabla mgonjwa hajaingizwa.